Namba za ajabu kutoka kijitoni: pa kuanzia pale vipimo vya maji vinapokataa

Simu nyingi huanza hivi: "Oksijeni imeshuka hadi 3, tumwambie nani?" Anayepiga amesimama kijitoni, mita iko mkononi, na sauti yenyewe inaonyesha ameshtuka. Mimi simuulizi kwanza habari za kijito. Namuuliza ni saa ngapi hapo alipo, na bahari inajaa au inakupwa.

Hitilafu zilizomo humu ni zile zinazojirudia kwa watu wanaopima vijito vinavyomwaga maji kwenye hori la bahari. Vijito hivi vina ugumu wao. Kwa juu ni maji matamu yanayofuata mvua na udongo, kwa chini ni bahari inayopanda na kushuka, mahali pengi mara mbili kwa siku. Kituo kimoja kinaweza kuwa mto asubuhi na kuwa bahari mchana. Asiyelijua hili atatangaza uchafuzi ambao haupo, au ataupita uchafuzi wa kweli akidhani ni bahari tu.

Namba ikikushangaza, shuku kwa mpangilio huu: mkono wako, kifaa, wakati wa kupima, kisha kijito. Kijito nakiweka mwisho kwa sababu yale matatu ya kwanza huchunguzwa kwa dakika kumi ukiwa hapo hapo, ilhali kijito kinaweza kukuchukua mwezi. Namba yenyewe usiifute kamwe. Iache kwenye fomu ilivyo, na pembeni uandike unachokishuku. Namba iliyofutwa hairudi, na kuna siku utaihitaji.

Kabla ya kusoma dalili yoyote hapa chini, hakikisha fomu ina mambo haya: saa, joto la maji, mvua ya saa 48 zilizopita, hali ya bahari (inajaa, inakupwa, imetulia), na tarehe ya mwisho kifaa kuwekwa sawa. Fomu isiyo na haya ni vigumu kuisaidia.

## "Oksijeni inasoma chini"

Jua kwanza maji yanaweza kubeba kiasi gani. Maji matamu usawa wa bahari hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa na nyuzi 20, karibu 8.3 yakiwa na nyuzi 25, na karibu 7.6 yakifika nyuzi 30. Chumvi hupunguza zaidi: maji ya bahari kamili kwenye nyuzi 25 hubeba karibu 6.7. Kwa hiyo 6.5 kwenye maji ya moto karibu na hori si msiba. Angalia na asilimia pia, maana ndiyo inayokuambia maji yamebakiza kiasi gani kufikia uwezo wake.

Sababu ninayokutana nayo zaidi ya zote ni saa. Mchana mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni. Usiku kila kiumbe kilichomo majini huvuta na hakuna anayerudisha. Kiwango hufika chini kabisa karibu na mapambazuko na hupanda juu kabisa alasiri. Mtu mmoja akipima saa kumi na mbili asubuhi na mwenzake akapima saa tisa alasiri, wanaweza kuandika hadithi mbili tofauti za kijito kile kile siku ile ile, na wote wawili wakawa sahihi. Mkilinganisha wiki na wiki, pimeni saa ile ile. Mkitaka kujua kijito kinateseka kiasi gani, pimeni alfajiri.

Baada ya saa, tazama mkono. Kihisi (ncha ya mita inayopima) cha aina ya utando hula oksijeni kidogo kila kinapopima. Ukikiacha kimetulia kwenye maji yaliyosimama, kitamaliza oksijeni iliyokizunguka na namba itashuka polepole mbele ya macho yako: 6.8, 6.5, 6.1. Kisogeze huku na huku kwa mwendo wa sentimita 30 hivi kwa sekunde, bila kutibua mapovu. Namba ikipanda na kutulia, umeshapata jibu. Kihisi cha mwanga hakina tabia hii, ila nacho kinahitaji dakika kadhaa kizoee joto la maji.

Kisha kifaa. Vua kifuniko, kishike kihisi dhidi ya mwanga utazame utando. Umekunjamana? Umechanika? Kuna kapovu chini yake? Halafu fanya jaribio la hewa: weka matone machache ya maji chini ya chupa ya kuhifadhia, ingiza kihisi bila kugusa maji, funga bila kukaza, subiri dakika kumi. Hewa ile iliyoshiba unyevu inapaswa kusomeka karibu na asilimia 100. Jaribio la pili ni la sifuri: maji yenye sodiamu salfaiti hayana oksijeni, na kihisi kizima kinapaswa kushuka chini ya 0.5. Kikifaulu jaribio la kwanza na kushindwa la pili, usikiamini kwenye namba ndogo, na namba ndogo ndizo ulizozifuata.

Hapa nieleze lililonipata. Kwa wiki tatu mfululizo niliandika oksijeni ya chini kwenye kituo kimoja, na nikaanza kuandaa barua ya malalamiko dhidi ya shamba lililokuwa juu ya kijito. Wiki ya nne nilibadilisha utando. Mahali pale pale, dakika chache baadaye, 4.6 ikawa 7.9. Chini ya utando wa zamani kulikuwa na kapovu kasichozidi punje ya mchele. Barua haikutumwa, lakini nilikuwa nimebakiza siku mbili tu kumtuhumu mtu asiye na kosa. Tangu hapo jaribio la hewa nalifanya kabla ya kutoka na baada ya kurudi.

Mpangilio wa chumvi ndani ya mita huleta kosa la upande mwingine. Ukipima maji ya chumvi huku mita ikidhani ni matamu, miligramu zitasomeka juu kuliko ukweli, asilimia haitaguswa. Asilimia 70 ikiwa imeandikwa pamoja na miligramu zinazopendeza, shuku hapo.

Mita na saa zikiwa safi na namba bado iko chini, thibitisha kwa njia ya Winkler, yaani kupima oksijeni kwa dawa ndani ya chupa, ambayo haitegemei utando wala betri. Jaza chupa ya kioo bila kuacha hata kapovu kamoja, tia manganizi salfeti, kisha aidaidi yenye alkali, funga, geuza geuza. Tazama wingu linalojitokeza. Wingu la kahawia linaloshuka polepole kama kahawa iliyotikiswa maana yake oksijeni ipo. Kadiri linavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Wingu jeupe pe maana yake hakuna kitu. Mtu akiliona wingu jeupe mara moja halisahau.

Onyo: dawa hizi na asidi inayofuata huchoma ngozi na macho. Miwani na glavu ni lazima, watoto wasishike, na mabaki hayamwagwi kijitoni. Kama hujafundishwa kwa vitendo, wapelekee maabara sampuli.

Acha, ita mtaalamu: ukiona samaki wanapumulia juu ya maji, samaki waliokufa, au namba iliyothibitishwa chini ya 2. Chukua sampuli na picha kwanza, maana ushahidi huondoka na maji yanayofuata. Usiokote samaki kwa mikono mitupu.

## "Upitishaji wa umeme umeruka ghafla"

Vijito vya maji matamu husoma kuanzia makumi hadi mamia ya mikrosimensi kwa sentimita, vingine hupita 1,000. Bahari husoma karibu 50,000. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba sehemu moja ya maji ya bahari katika sehemu mia za maji matamu hupandisha namba kwa 500 au zaidi. Hutaionja ulimini, lakini mita itaiona.

Kwa hiyo bahari ni mshukiwa wa kwanza. Maji ya chumvi ni mazito. Hupenya chini chini kama kabari huku maji matamu yakiendelea kutoka kwa juu. Ukisimama ukingoni utaona kijito kinashuka kama kawaida, na huku kisigino chako kimo baharini. Dawa yake ni kupima mara mbili: sentimita chache chini ya uso, na tena karibu na sakafu. Juu ikiwa 400 na chini 18,000, huna uchafuzi, una bahari.

Mtego wa pili ni bamvu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta maji ya bamvu, yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, na kituo kilichokuwa kitamu wakati wote wa maji mafu, yanayojaa kidogo, kinaweza kuingiwa na chumvi kwa siku mbili tatu kisha kikarudi. Ratiba ya kwenda kila Jumatatu haiujui mwezi, kwa hiyo wiki moja unakuta mto, nyingine unakuta bahari, na grafu inapanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Weka tarehe za bamvu kwenye grafu hiyo hiyo uone kama vilele vinaangukia hapo. Kumbuka pia kwamba saa ya kujaa iliyoandikwa kwenye jedwali la bahari mara nyingi ni ya bandari au mlango wa hori. Juu ya kijito maji hufika kwa kuchelewa, na mashimo yenye kina hubaki na chumvi hata bahari ikishakupwa.

Makosa ya kawaida ya mkono: kuandika 1.2 pale ambapo mita imejibadilisha yenyewe kutoka mikro hadi mili (hiyo ni 1,200), na kulinganisha namba iliyorekebishwa kwa nyuzi 25 na ile isiyorekebishwa. Upitishaji hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, basi kijito cha nyuzi 30 kinaweza kuonekana kichafu kuliko ndugu yake wa nyuzi 20 bila kosa lolote. Namba ikishuka ghafla badala ya kupanda, gonga kihisi kidogo chini ya maji. Mara nyingi ni povu la hewa lililonasa ndani. Kisha jaribu kwa myeyusho wa kusawazishia wa 1,413. Usiposomeka karibu na hapo kwenye nyuzi 25, safisha na usawazishe upya.

Bahari ikishaondolewa kwenye orodha, panda na kijito. Nenda wakati bahari imekupwa, anzia kwenye kituo chenye namba kubwa, pima kila baada ya hatua mia hivi, na kila kijito kidogo kinapoingia pima pande zote tatu: juu ya makutano, ndani ya kinachoingia, na chini yake. Namba itabaki juu, juu, juu, halafu itaanguka. Chanzo kiko kati ya kipimo cha mwisho kilicho juu na cha kwanza kilicho chini. Inaweza kuwa bomba lililopasuka, mfereji wa kiwanda, au chemchemi ya chini ya ardhi ambayo kiangazi huwa na madini mengi tangu enzi. Hiyo ya mwisho si uchafuzi, na ndiyo sababu kumbukumbu za miezi ya nyuma ni mali.

Acha, ita mtaalamu: namba ikikupeleka kwenye mdomo wa bomba, kalvati au shimo la maji taka, ishia nje. Usiingie, usiinamishe kichwa ndani, hata kwa dakika moja. Gesi ya salfaidi ya hidrojeni huua, na ikiwa nyingi pua huacha kuisikia harufu yake, kwa hiyo kutosikia kitu hakukuhakikishii usalama. Waokoaji wengi wamekufa kwa kumfuata aliyeanguka.

## "pH haitulii" au "pH imepanda sana"

pH ni kipimo cha uchachu wa maji. Isipotulia, ipe muda. Maji yenye madini machache hufanya mita itangetange kwa dakika kadhaa. Ikizidi hapo, tazama ncha ya kioo: ikiwa imekauka, iloweke kwenye myeyusho wa potasiamu kloraidi usiku kucha. Kosa linaloua vihisi vya pH kuliko jingine lolote ni kuvihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, yakidhaniwa ni safi kwa hiyo ni salama. Yananyonya chumvi kutoka ndani ya kihisi.

Sawazisha kwa bafa (miyeyusho yenye pH inayojulikana) za 7 na 4, au 7 na 10, kutegemea kijito chako kiko upande gani. Kihisi kizima hutoa karibu milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH kwenye nyuzi 25. Kikitoa chini ya 54 kisafishe, na kikikataa kibadilishe. Bafa ya 10 huvuta kaboni dayoksaidi kutoka hewani na kushuka, kwa hiyo usiirudishe chupani baada ya kuitumia.

pH inayopanda hadi 9 alasiri huku oksijeni ikipita asilimia 100 ni kazi ya mwani: unavuta kaboni dayoksaidi na kuacha oksijeni. Rudi alfajiri utakuta zote mbili zimeshuka. Lakini pH ya 9 yenye oksijeni ya kawaida haina mwani wa kusingiziwa. Fikiria saruji mbichi, chokaa au dawa za kuoshea. Ikithibitika chini ya 5 au juu ya 10, toka majini, osha ngozi, toa taarifa. Kila hatua moja ya pH ni mara kumi, basi 10 na 8 ziko mbali kuliko zinavyosikika. Kuna vijito vinavyotoka kwenye mabwawa ya majani yaliyooza ambavyo kwa asili yake ni chachu, yaani vina pH ndogo. Kama kumbukumbu zako zinaonyesha 5 tangu mwanzo, usishtuke.

## "Mita ya tope na macho hayakubaliani"

Mara nyingi ni kichupa. Alama ya kidole, jasho la ubaridi juu ya kioo, mkwaruzo au vipovu vidogo vyote hutawanya mwanga, na mita huhesabu kila mwanga uliotawanyika kuwa ni tope. Pangusa kwa kitambaa laini, acha kidogo vipovu vitoke, soma tena. Maji ya rangi ya chai yanaweza kuwa na tope dogo sana. Ile ni rangi ya majani. Pia usilinganishe namba za mita ya mwanga mweupe na za mwanga wa infraredi kana kwamba ni kitu kimoja.

Buti zako nazo zinahusika. Simama upande wa chini wa mkondo, elekea maji yanakotoka, chukua sampuli mbele yako. Tope baada ya mvua ni jambo la kutarajiwa. Tope bila mvua, panda na kijito. Juu huko huenda kuna anayechimba.

## "Bakteria wako juu mno, wiki ijayo hawapo"

Hapa subira inahitajika kuliko kwenye kipimo kingine chochote. Bakteria hawasambai majini sawasawa kama sukari kwenye chai. Huenda kwa makundi, wakiwa wamejibandika kwenye tope. Chupa mbili zilizojazwa zikifuatana zinaweza kutofautiana maradufu. Ndiyo maana viwango vingi hutumia wastani wa jiometri (usioyumbishwa sana na namba moja kubwa) wa sampuli kadhaa badala ya namba moja. Kwa mfano, vigezo vya Marekani vya 2012 kwa maji ya kuogelea ni wastani wa 126 wa E. coli kwa mililita 100, au 35 wa enterokoki, wote wawili wakiwa bakteria wanaoashiria kinyesi. Fuata viwango vya nchi yako, ila elewa mantiki hiyo.

Anza na swali la kipimo gani, wapi. Kwenye maji matamu pima E. coli. Kwenye maji ya chumvi pima enterokoki, ambao hustahimili chumvi vizuri zaidi. Kikundi kinachopima E. coli kuanzia juu hadi ndani ya hori kitaona namba zikishuka kadiri bahari inavyokaribia, na kitafurahi bure.

Kisha fuata safari ya chupa. Ilikuwa tasa? Kifuniko kiliwekwa chini? Mdomo uliguswa? Ilisuuzwa kijitoni? Haisuuzwi, maana zile punje ndani ni sodiamu thayosalfeti ya kuua klorini. Mliiweka kwenye barafu gizani, na ikafika maabara ndani ya saa sita? Sampuli iliyokaa juani kwenye gari haisemi tena lolote kuhusu kijito. Waliomo wanaweza kuwa wamekufa au wamezaliana. Kila safari peleka sampuli tupu, yaani maji tasa yaliyofunguliwa na kumiminwa pale pale uwandani. Ikiota bakteria, tatizo ni mkono. Isipoota, mkono umesafishika.

Mvua hupandisha namba, ndege hupandisha, mifugo inayovuka hupandisha, na mguu wako ukitibua mashapo hupandisha kwa sababu bakteria huishi mchangani kwa muda. Maabara ikirudisha jibu la "wengi mno, hawahesabiki," usiliache wazi kwenye jedwali kama vile hakukuwa na kipimo. Omba sampuli ijayo ipunguzwe makali kwa maji tasa.

Na sifuri? Sifuri kwenye kijito kinachopita katikati ya makazi nayo ni ya ajabu. Uliza kama kuna maji ya klorini yaliyomwagwa juu.

Kuna namba moja ambayo hadi leo inanisumbua. Ilikuwa juu sana, mara nyingi zaidi ya kawaida ya kituo kile, bila mvua. Niliandika pembeni "huenda ni uchafu wa mkono," nikaendelea na ratiba. Baada ya wiki mbili ikaja tena, kituo kile kile. Safari hii nilipanda na kijito, nikakuta bomba la maji taka limepasuka chini ya daraja, na tope la kijivu lenye nyuzi nyuzi limeshika mawe yote. Wiki zile mbili watoto walikuwa wakioga chini yake. Nilipaswa kurudi kesho yake na chupa mbili. Kazi hiyo isingezidi saa moja.

Kwa hiyo: namba kubwa bila mvua, rudia ndani ya saa 24. Ikirudi kubwa, acha kuchunguza peke yako. Toa taarifa kwa mamlaka ya afya na ya maji siku hiyo hiyo, na waambie wanaotumia maji hayo wasubiri. Usingoje wastani wa mwezi.

## "Nitrati zimeshuka, lakini hori linazidi kujaa mwani"

Nitrati na fosfati ni virutubisho vinavyolisha mwani. Kwanza hakikisha mnazungumza lugha moja. Miligramu 10 za nitrojeni iliyo kwenye nitrati ni karibu miligramu 44 za nitrati yenyewe, kwani kizidisho ni 4.43. Kwa fosforasi na fosfati ni 3.07. Nimeona "maboresho" ya miaka ambayo yalikuwa ni kubadilisha tu maabara. Fosfati ikipanda kila mahali siku moja, shuku sabuni iliyooshea chupa. Karibu na hori, uliza kama dawa unayotumia inavumilia chumvi. Nyingi zimetengenezwa kwa maji matamu.

Baada ya hapo fanya hesabu ambayo wengi huiruka. Hori halili miligramu kwa lita, linakula kilo. Kiangazi kijito kina miligramu 2 za nitrojeni kwa lita na kinapitisha lita 50 kwa sekunde: ni kilo 8.6 kwa siku. Mvua ikanyesha, maji yakachanganyika, miligramu zikashuka hadi 1, na mtu akaandika "hali imeimarika." Lakini sasa zinapita lita 800 kwa sekunde. Ni kilo 69 kwa siku, mara nane ya zile za kiangazi. Bila kupima mtiririko, namba ya virutubisho peke yake inaweza kukudanganya mchana kweupe, na mwani wa hori, ambao baharini mara nyingi hungojea nitrojeni, hautadanganyika.

Mabaki ya vipimo vyenye kadimiamu ni sumu. Kusanya kwenye chupa yenye lebo na uyapeleke maabara.

## "Kifaa kilichoachwa majini kimeanza kupotoka"

Ni ukoga, mara nyingi zaidi ya yote. Kabla hujausugua, pima kwa mita ya pili pembeni yake. Safisha, soma tena. Weka sawa, soma mara ya tatu. Pengo la kwanza ni la ukoga, la pili ni la kifaa chenyewe. Ukisugua kwanza utakuwa umeuharibu ushahidi. Joto likianza kufuata hewa na upitishaji ukianguka hadi sifuri kila bahari inapokupwa, kifaa kinabaki nje ya maji. Kishushe. Na saa ya kifaa iwe sawa na ya jedwali la bahari, la sivyo kila kilele kitaonekana kimetoka kwingine.

## Rangi, povu na mafuta

Utando unaong'aa rangi rangi, uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo na kubaki hivyo, ni bakteria wa chuma, hawana neno. Ukijiunga tena na kuzunguka, ni mafuta. Toa taarifa, usiwashe moto wala injini karibu. Povu linalonuka udongo ni la majani yaliyooza, lakini likinukia manukato ni sabuni. Ukoga wa kijivu wenye nyuzi ni alama ya maji taka, na huo haungoji kipimo. Tabaka la kijani kama rangi iliyomwagika juu ya maji yaliyotulia linaweza kuwa bakteria wenye sumu: usiliguse, wala mnyama wako asinywe.

## Pale ambapo hakuna kipimo kinachostahili

Maji yakipita goti na yanakwenda kasi, usiingie. Usipime peke yako, na ukiwa na kidonda kilicho wazi mwenzako ndiye aingie. Kwenye kingo za hori, jua saa ya kujaa kabla ya kuvuka tope, kwa sababu njia uliyojia ndiyo ya kwanza kufunikwa.

Unapopiga simu kwa mtaalamu, mpe mahali, saa, hali ya bahari, mvua, namba kama ilivyosomeka, na yale uliyokwisha kuyajaribu. Chupa moja ya ziada iweke kwenye barafu gizani, na uandike lebo kabla mikono haijakauka. Hiyo ndiyo atakayoiulizia kwanza.